Chura wa Ujiji anayeishi kwangu Isevya

Mvua za Tabora hushika Novemba, na mwaka huu nazingoja kwa sababu ambayo hata majirani zangu hapa Isevya wanaiona ngeni. Nina chura ndani. Mvua zikikolea niwe nimeshaamua: abaki kwangu au aachiwe? Na akiachiwa, aachiwe wapi? Hilo la wapi ndilo lililonisumbua zaidi, maana la kwanza kila mtu ana jibu lake, la pili hakuna anayejiuliza.

Jina lake Kokoto. Kapewa na mtoto wa mdogo wangu, anayesoma hapa Tabora na kuishi kwangu. Desemba iliyopita alikwenda likizo kwa bibi yake Ujiji, akarudi na treni amepakata ndoo ndogo ya rangi, mfuniko umetobolewa kwa msumari. Nikajua mama katuma mawese. Kufunua, nakutana na chura wa kujaa kiganja, kajibana chini ya kipande cha kuti la mchikichi, ananitazama.

"Mama mkubwa, usimtupe. Nimemkuta kwenye mfereji wa tanki la bibi."

"Bibi anajua?"

"Bibi kasema nikifika nikuulize wewe."

Mama yangu ndivyo alivyo, jambo gumu hulitanguliza kwangu. Kigoma ni kilomita zipatazo 400 za reli kutoka hapa, shule zilikuwa zinafunguliwa, na mezani kwangu kulikuwa na lundo la sare zinazongoja vifungo. Nikamwambia mtoto kwamba mgeni wake atakaa mpaka nijue la kufanya.

Mimi ni fundi cherehani. Ninachokijua kuhusu vyura nimekijua mwaka huu, kwa kusoma kwenye simu usiku kazi ikishapungua, na kwa kumtazama yeye.

Kwanza, ni jike. Dume wa aina hii koo lake huwa jeusi, na usiku wa mvua hukoroma kwa sauti nzito inayofika mbali. Koo la Kokoto ni jeupe na sijawahi kusikia akiita. Mgongoni ana mabaka ya kahawia yaliyokaa mawili mawili, na kichwani mabaka hayo yameacha nafasi ya rangi hafifu yenye umbo la msalaba. Ukimwinua taratibu unaona wekundu nyuma ya mapaja. Kwa alama hizo ni yule chura wa kawaida ambaye wataalamu humwita Sclerophrys gutturalis, anayepatikana kuanzia Kenya, kupitia kwetu, hadi Afrika Kusini. Si chura adimu. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo wanaosikia ninavyohangaika naye wakadhani nimeokota kitu cha bei.

Anakaa kwenye beseni kubwa la kufulia. Chini nimemwekea udongo wenye mchanga, pembeni kigae cha chungu kilichovunjika anakolala mchana, bakuli la maji la kina kifupi, na juu nimefunika kwa kipande cha chandarua kilichoshonewa mpira pembezoni. Maji ya bomba nayaacha wazi kwenye ndoo hadi kesho yake ndipo nimpe, ili klorini ipungue. Chura hanywi kwa mdomo. Anaingia bakulini, analaza tumbo, na ngozi ya tumboni inanyonya maji. Kwa hiyo kilichomo ndani ya maji yale, kiwe kizuri au kibaya, kinaingia mwilini mwake moja kwa moja.

Nilipolielewa hilo ndipo nilipoanza kugombana na watu wa chumvi. Mtaani kwetu chura akiingia ndani usiku, anayeamka wa kwanza hukimbilia kopo la chumvi. Wengine husema katumwa, wengine ni mazoea tu ya kuona wakubwa wakifanya hivyo. Chumvi ikimgusa chura humvuta maji kupitia ngozi ileile anayonywea, na anakufa kwa kukauka, polepole, huku anajivuta kwenda popote palipo na unyevu. Nimewaeleza majirani hivyo hivyo bila kuzunguka. Mmoja, mama mtu mzima anayeniletea vitenge vya kushona, alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Lakini fundi, mlangoni kwangu sitaki kumwona." Nikamwambia amsukume kwa ufagio, ataondoka. Tukakubaliana hapo.

Suala la sumu nalo ni la kweli, sitaki kuficha. Nyuma ya kila jicho ana tezi nene iliyovimba, na humo mna ute mweupe wenye sumu inayougusa moyo. Mbwa akimng'ata hutoka mapovu mdomoni, na mbwa mdogo anaweza kufa. Binadamu anayemshika kisha akanawa mikono kwa sabuni hapati shida. Mtoto ananawa baada ya kumshika, na kabla ya kumshika anasuuza mikono kwa maji matupu, kwa sababu mafuta ya kupaka na chumvi ya jasho huiumiza ngozi ya chura. Chunjua watu wanazosema zinaletwa na chura huletwa na virusi ambavyo binadamu tunaambukizana wenyewe kwa wenyewe.

Sasa niseme lililonivuta nitake abaki.

Kuna usiku nilikuwa napiga pindo, umeme ukakatika, nikawasha tochi ya simu na kumulika beseni. Kokoto alikuwa ameinua mgongo, anajisugua ubavuni kwa miguu ya nyuma, mdomo unafunguka na kufumba. Nikadhani anakufa. Nilipoinama karibu nikaona ngozi yake ya juu, nyembamba na inayong'aa kwa maji, imechanika mgongoni na inasogea kuelekea mdomoni. Alikuwa anaivua kama mtu anayevua sweta kwa kulipitishia kichwani, anatoa mkono mmoja, kisha wa pili, na kila inayotoka anaimeza. Ilipokwisha akatulia, rangi zake zimekuwa mbichi, mabaka yote yanasomeka. Kumbe vyura wote hubadili ngozi mara kwa mara, na wengi huila ili isipotee bure. Nilikaa na tochi ile mpaka chaji ikawa inaisha. Na akimeza mdudu mkubwa, macho yake huzama kichwani: yanashuka na kukisukuma chakula kooni kwa upande wa ndani. Ukishaona hayo karibu vile, kumwondoa nyumbani si jambo jepesi.

Kumlisha si gharama, ila kuna kazi yake. Chura hali kitu kisichotembea. Ukimwekea mende mfu mbele ya pua, atakaa naye mpaka asubuhi. Masika ni raha: kumbikumbi wanamiminika kwenye taa ya barabarani, mtoto anakusanya kwenye chupa, na Kokoto anakula mpaka anafumba macho. Kiangazi ndipo mtihani. Panzi wamekwisha, nyenje wanasikika lakini hawaonekani, unabaki kufukua mchwa na kuwinda mende. Na mende siwachukui nyumba za watu, kwa sababu nyingi zimepulizwa dawa na sumu ile ingempata yeye. Chakula cha aina moja kwa muda mrefu humkosesha chura chokaa mwilini, mifupa ikalegea. Wengine hunenepa kupita kiasi kwa sababu wanakula na hawana pa kutembea. Nimejitahidi kumbadilishia, lakini najua mfereji wa Ujiji ulikuwa na vyakula ambavyo mimi siwezi kuvikusanya hata nikiacha kushona.

Mtoto ana hoja yake, nayo nimeipa uzito. Anasema Kokoto ametuzoea. Ni kweli. Tukifunua chandarua jioni hakimbii tena, anageuka kutazama upande mkono unakotokea. Hajikojolei akishikwa, jambo ambalo vyura hulifanya wakiogopa. Lakini Machi, mvua kubwa zilipokuwa zinapiga bati usiku, niliona upande mwingine. Alikuwa anazunguka beseni bila kusimama, anainuka kwa miguu ya nyuma, anasukuma chandarua kwa pua. Asubuhi ncha ya pua ilikuwa nyekundu. Nikampaka nini? Hapakuwa na dawa ya kumpaka, ngozi ile hunyonya kila kitu. Nikaweka kitambaa laini kuzunguka ukingo, na pua ikapona yenyewe. Usiku mwingine wa mvua ikawa vile vile.

Mvua inapopiga, jike la aina yake huenda kwenye dimbwi ambako madume yanaita, na hutaga maelfu ya mayai kwa msimu, yamepangana kwenye nyuzi ndefu za ute zinazojisokota kwenye majani ya majini. Msimu mmoja tayari umempita akiwa kwenye beseni la kufulia. Baada ya usiku ule wa Machi sikuweza tena kusema kwamba hana anachokikosa kwangu. Uamuzi wa kumwachia, kwa upande wangu, uliiva wakati huo.

Basi wote wakaniambia: mwachie. Tabora ina vyura tele, mpeleke bwawa la Kazima, au mtoe tu nje ya mlango, chura ni chura. Fundi mwenzangu wa mashine ya jirani alijitolea kumbeba kwa baiskeli jioni ileile. Nilikataa, na sababu zangu ni hizi.

Chura mkubwa wa porini ana mahali pake. Wengi wa jamii hii hutoka usiku kuwinda na kurudi kwenye maficho yaleyale, msimu hata msimu. Kokoto anajua jiwe gani Ujiji lina unyevu chini yake wakati wa jua kali. Hapa Isevya hajui kitu. Ukimwachia hapa atatembea kutafuta asichokiona, na huku kutembea usiku maana yake ni kuvuka barabara za bodaboda na kuingia kwenye kumbi za watu wenye makopo ya chumvi.

Pili ni magonjwa. Kuna kuvu ya ngozi inayoua vyura, imeshamaliza aina kadhaa duniani, nayo husafiri kwa maji, kwa matope, na kwa chura mwenyewe ambaye kwa macho anaonekana mzima. Sitaki kuwa mtu aliyetoa kitu mto mmoja akakimwaga mto mwingine.

Tatu, chura wa aina hii hii ya Kokoto alishahamishwa na watu waliodhani ni jambo dogo. Mwaka 1922 walipelekwa Mauritius ili wale wadudu waharibifu, na mwaka 1927 wakafikishwa Réunion. Visiwa vile havikuwa na chura wa namna hiyo. Mpaka leo wamejaa, wanakula konokono na wadudu wa asili ambao hawapatikani kwingine kokote. Najua Tabora na Ujiji si Mauritius, na vyura wa aina hii wapo pande zote mbili. Lakini aliyewabeba mwaka ule naye aliona chura ni chura.

Nikiwa katikati ya kusoma hayo nikakutana na habari ya chura wa Kihansi, na nashangaa kwamba shuleni sikuwahi kuisikia, wakati ni habari yetu wenyewe. Ni chura mdogo wa manjano, hafiki sentimita 3, anayezaa watoto hai badala ya kutaga. Alijulikana kwa wataalamu mwaka 1996, kwenye korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, na duniani kote hakuwa na mahali pengine. Alikuwa anaishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu, eneo la hekta chache mno. Bwawa la umeme lilipochukua sehemu kubwa ya maji ya mto, manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 wakakamatwa vyura 499 wakapelekwa bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Huku nyumbani wakawekewa mabomba ya kunyunyizia maji, lakini kuvu ile ya ngozi nayo ikaonekana korongoni, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hawapo tena. Waliobaki Marekani walikuwa wameanza kuzaana. Mwaka 2010 wakarudishwa vyura 100 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa Kihansi kwenyewe.

Nilisoma habari hiyo mara nyingi, na mtoto nikamsomea. Kilichonishika ni kwamba watu wale walikuwa na chura wasiozidi sentimita 3, dunia nzima mikononi mwao, na hawakutafuta maporomoko mengine yanayofanana wakawamwaga. Waliwafuga miaka kumi kwa sababu kwao palikuwa hapakaliki, na palipotengenezwa wakawarudisha palepale. Kokoto hahitaji hata sehemu ndogo ya gharama ile. Anahitaji tiketi ya treni na mtu mwenye nia.

Kwa nini basi sikumpeleka tangu Juni, shule zilipofungwa? Kwa sababu ya kiangazi. Juni udongo umeshaanza kuwa mgumu, na vyura wamejichimbia au wamejibanza kwenye mashimo yenye unyevu waliyoyachagua mapema. Umtoe kwenye beseni lenye maji kila siku, umwachie usiku mmoja kwenye ardhi kavu, atafute shimo alfajiri isijamkuta? Mwili wa chura haustahimili hivyo. Kigoma mvua huanza Oktoba na Novemba, kwa hiyo shule zikifungwa Desemba ardhi ya Ujiji itakuwa imeloa, wadudu wapo, madimbwi yapo. Tutampeleka mimi na mtoto.

Kabla ya kuondoka nitamtoa kwenye udongo wa Tabora. Siku za mwisho atakaa juu ya vitambaa vya pamba visivyo na rangi, vilivyochemshwa bila sabuni, nikivibadilisha kila siku, ili matope ya huku yasiende huko. Hajawahi kukaa na chura mwingine wala kuwekewa maji ya bwawa, hilo nililisimamia tangu mwanzo. Nitamchunguza: anakula vizuri, ngozi inatoka safi bila kubaki vipande vipande, nikimlaza chali anajigeuza mara moja. Akionekana mlegevu, au ngozi inachubuka ovyo, hatasafiri. Atabaki kwangu, na nitamtunza mpaka mwisho wake, ambao unaweza kuwa mbali sana, kwani vyura wa jamii yake wakitunzwa hupita miaka 10. Nimeshajiandaa kwa hilo pia, na sitalinung'unikia.

Kumwambia mtoto ndiyo ilikuwa kazi. Alinyamaza kwanza, akaendelea kuchambua nyuzi chini ya mashine. Kisha akauliza:

"Mama mkubwa, akiliwa na nyoka?"

"Anaweza kuliwa, baba. Nyoka wapo, na ndege wapo."

"Kwako haliwi."

"Kwangu haliwi. Na dimbwi haendi."

Sikutaka kumdanganya kwamba Ujiji hakuna hatari. Alikaa na jambo hilo, akaja jioni na masharti. Yeye ndiye atakayemtoa kwenye ndoo, pale pale alipomkuta, na iwe usiku ili kunguru wasimwone. Na anataka kumtambua akirudi likizo nyingine. Hili la pili nilifurahi kuweza kumsaidia, kwa sababu mabaka ya mgongoni hayafanani kati ya chura na chura, na watafiti huyatumia kuwatambua mmoja mmoja. Tumempiga picha kwa juu kwenye mwanga wa dirishani. Mtoto hakuridhika na picha peke yake, akachora mgongo mzima kwenye kurasa za mwisho za daftari la sayansi, kila baka na mahali pake, na lile la kushoto lenye pembe tatu akalikolezea kwa wino.

Lililobaki lilikuwa kwa mama. Nimempigia simu kumwambia tunakuja na Kokoto, akapokea vizuri, kisha katika maongezi akataja kwamba kabla ya Krismasi anataka kumwaga zege kuzunguka tanki, uani pasiwe na matope. Nikashtuka, maana mfereji ule ndio kwao. Nikamweleza habari ya Kihansi kuanzia mwanzo, dakika zangu za simu zikaishia hapo, nikanunua nyingine nikaendelea. Mama si mtu wa kukataa jambo akilielewa. Zege litapita upande wa jikoni anakokanyaga yeye, na upande wa migomba utaachwa udongo, na mawe yake, na maji ya tanki yataelekezwa huko kwa bomba fupi nitakalolinunua mimi. Chumvi amesema hajawahi kuitumia kwa chura na hataanza uzeeni. Fundi wa zege ameshaambiwa aishie mgomba wa kwanza.